Chapa

"Ngozi ivute ili maji," husema watu
ambao hawajawahi kuivuta.
Njooni Vingunguti saa kumi na moja alfajiri,
mshike pembe moja, mimi nishike nyingine,
tuone nani atakumbuka methali.
Kilo thelathini na ushee, utelezi wa mlenda,
na joto la mnyama bado limo
kama kwenye kiti alichoinuka mgeni sasa hivi.

Kazi yangu kusoma.
Natandaza, nageuza,
natembeza kidole gumba kuanzia shingoni:
hapa kupe walikaa masika yote;
hapa mwiba wa mgunga, ukapona vibaya;
hapa fimbo, fimbo, fimbo
za kupandishwa lori na kushushwa mnadani Pugu;
na hapa, karibu na kitovu, kisu cha Masalu
kiliteleza kwa sababu alikuwa akisimulia mpira.
Nusu inchi. Daraja la tatu.
"Masalu, umekula elfu mbili za watu."
Anacheka. Yeye hulipwa kwa kichwa, si kwa ngozi.

Kubwa kuliko yote ni chapa.
Herufi za moto pajani, mwenye ng'ombe
asije akaibiwa. Ana haki.
Lakini hapo ndipo penye kitambaa chenyewe,
hapo ndipo ungetoka uso wa kiatu,
nami naandika kwa wino mzito: nne.

Bi Mwahija anamwaga chumvi ya Bunju kwa beleshi
kama anayepanda mahali asipotaka kiote kitu.
Anakunja, anapanga, tunangoja maji yashuke.
Babu yake, anasema, aliloweka ngozi za mbuzi
katika magome ya mkandaa, mtungini, miezi mitatu,
zikatoka nyekundu,
na hazikuwa na haraka ya kwenda popote.
Hizi zinakwenda. Chokaa itazinyoa,
pipa litazizungusha usiku kucha na dawa ya kromu
zitoke buluu, rangi ambayo ng'ombe hajawahi kuwa nayo
hata ndotoni,
kisha kontena, kisha bandari,
kisha sijui. Naambiwa huko yuko mtu
mwenye gumba kama langu,
anasoma nilichokisoma mimi
halafu anabisha.

Mwaka ule bei ilipoanguka, tulizika.
Shimo nyuma ya ghala, ngozi mia nne
bila maiti.
Tulisimama kidogo. Hakuna aliyejua dua yake.

Jumamosi nilikwenda Kariakoo
kumtafutia Nasra viatu vya shule.
"Ngozi halisi, mama," muuzaji akapiga kwa ukucha.
Nikakandamiza gumba.
Hapakuwa na kitundu cha unywele,
wala kupe, wala mwiba, wala Masalu.
Hakuna aliyewahi kuishi humo.
Ndani, kisiginoni, herufi za dhahabu: chapa.
Hii haishushi daraja. Hii ndiyo bei.
Nikalipa. Mguu wa mtoto haungoji.

Njiani nikapitia kibanda cha simu kusajili laini.
Kijana akanishika kidole, akakibana kwenye kioo.
Mashine ikakataa.
Akakifuta kwa fulana yake. Ikakataa.
"Chumvi," nikamwambia, "miaka kumi na minne."
Hakusikia.
Alikigeuza kidole changu kwenye mwanga,
taratibu, akitafuta mistari,
na uso wake ukawa ule wangu
kabla sijachukua kalamu.
"Jaribu cha kushoto," akasema.